Kinachovuka Uzio

Katika mikoa ya Iringa na Mbeya mti umekuwa jambo la hesabu. Mkulima wa Mufindi anayepanda mipaini au milingoti anajua tangu siku ya kuotesha ni lini atakata nguzo na ni lini atapasua mbao. Wa Rungwe ameigeukia parachichi, na bei ya kilo anaijua kabla hujamuuliza. Hata maua yameingia katika hesabu hiyo. Pareto hukaushwa, hupimwa kwa kilo na kupelekwa kiwandani Mafinga kwa sababu vichwa vyake vyeupe vina sumu ya wadudu. Miwati huchanua manjano na kunukia vizuri, lakini kampuni iliyoanza kazi Njombe mwaka 1949 iliipanda kwa ajili ya maganda yake, yanayotoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kwa macho yaliyozoea hivyo, mtu anayetenga kona ya kiwanja chake kwa mti usio na kazi nyingine ila kunukia huonekana ama ana fedha za kuchezea, ama hajui thamani ya ardhi. Swali linalonishughulisha hapa ni la maadili na la imani: je, ni haki kwa mtu anayeishi kati ya majirani wenye shida kutoa udongo, maji na jasho kwa kitu kisicholiwa, kisichouzwa wala kisichochomwa jikoni? Jibu langu ni kwamba ni haki, na zaidi ya hapo, kwa mwenye nafasi ni deni analowiwa na jirani yake. Sababu yake haiko katika uzuri wa maua kwa jumla. Iko katika tabia ya harufu yenyewe.

Karibu kila kitu kizuri kinachoota nyumbani kinaweza kuzuiwa. Tunda lina mwenyewe, na anayelichuma bila ruhusa ni mwizi. Rangi ya ua inahitaji kuonekana, na siku hizi haionekani. Gangilonga kule Iringa, Uzunguni kule Mbeya, na hata katika mitaa ambayo miaka michache iliyopita ilikuwa na michongoma ya kukata kwa panga, ukuta wa tofali umepanda kuliko urefu wa mtu na juu yake pamepigwa vigae vya chupa. Simlaumu mwenye ukuta, maana wezi wapo. Lakini ukuta umebadilisha maana ya bustani. Mwaridi mwekundu ulioko nyuma yake ni wa mwenye nyumba na wageni wake, na anayepita njiani hana fungu. Harufu haiko hivyo. Ukuta hauizuii, geti haliifungii, na mwenye mti hawezi kuipunguza kwa anayemchukia ili amzidishie anayempenda. Ndani ya uzio wa nyumba sioni zao jingine ambalo mwenyewe hana uwezo wa kulinyima.

Waswahili wamelifikiria jambo hili zamani, katika hekaya za Abunuwasi. Maskini alikula chakula chake kikavu akisaidiwa na harufu ya mchuzi wa tajiri, na tajiri akamshitaki alipwe. Abunuwasi akalipa kwa mlio wa fedha: aliyeuza harufu, apokee sauti. Watu huisimulia hekaya hii ili kuonyesha werevu wa Abunuwasi, nami naikubali hukumu yake kama hukumu ya sheria, kwamba harufu haina bei kwa sababu haina mwenye kuishika. Lakini ndani ya hekaya hiyo mna huzuni ambayo kicheko huifunika. Yule maskini hakula nyama. Alichokipata ni habari ya nyama. Harufu ya mchuzi huvuka uzio kutangaza kitu kilichobaki upande wa pili, na kadiri inavyonukia ndivyo inavyouma kwa asiyealikwa. Ndiyo maana harufu ya chakula imezaa wajibu. Mtume Muhammad, katika hadithi ya Abu Dharri iliyomo katika Sahihi ya Muslim, aliagiza kwamba anayepika mchuzi aongeze maji na awaangalie majirani zake. Kule Unyakyusa, ambako Monica na Godfrey Wilson walifanya utafiti katika miaka ya 1930, kitabu cha Monica cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika kinaeleza jamii iliyothamini kula na kuzungumza pamoja kuliko karibu jambo lolote. Mtu aliyekula peke yake au kukwepa karamu iliyompasa aliogopa manung'uniko ya wenzake, yaliyoaminika kumfikia kama pumzi baridi na kumtia homa. Tuache imani hiyo ya ugonjwa mahali pake. Inabaki kwamba watu wa Rungwe walijua kuwa hewa iliyo kati ya nyumba na nyumba ni ya wote, na kwamba kinachopita humo kina uzito wa kimaadili.

Sasa tuiweke harufu ya ua kando ya harufu ya mchuzi. Mbuni ukichanua Tukuyu, ile harufu inayomfikia jirani haimtangazii kitu kingine kilichofichwa nyuma ya ukuta. Yeye anapata kile kile anachopata mwenye shamba, kwa ukamilifu, wala hakuna sahani iliyobaki upande wa pili. Aristotle aliliona hili katika andiko lake fupi kuhusu hisi: alitenga harufu za vyakula, zinazotupendeza tukiwa na njaa na kutuchosha tukishiba, na harufu za maua, zinazopendeza zenyewe na kubaki vile vile kwa mwenye njaa na aliyeshiba. Alikosea aliposema kwamba ni binadamu peke yake anayefurahia aina ya pili, kwa kuwa nyuki na nondo wanaifuata kwa bidii kutushinda. Mgawanyo wake hata hivyo ni sahihi, na unabeba hoja yangu yote. Harufu ya chakula inadai mwenye chungu atoe zaidi. Harufu ya ua imekwisha kutoa yote iliyo nayo. Kwa hiyo anayepanda mti wa kunukia anatoa zawadi ambayo haimfedheheshi mpokeaji kwa kumwonyesha alichokosa, haimwachi na deni la kurudisha, na haimpi mtoaji nafasi ya kuchagua nani anastahili. Ni sadaka chache mno zenye sifa hizo tatu pamoja.

Kahawa ni ushahidi mzuri hapa kwa sababu hakuna anayeweza kusema iko shambani kwa anasa. Katika Rungwe na Mbozi mibuni imesimama karibu na nyumba, mara nyingi chini ya migomba, kwa vizazi kadhaa, nayo imesomesha watoto na kuezeka mabati. Baada ya kiangazi, mvua ya kwanza ikishaingia ardhini, machipukizi ya maua yaliyokuwa yamelala huamka, na baada ya wiki moja au zaidi kidogo mti mzima huvaa meupe. Kwa siku mbili au tatu kijiji hunukia asumini, kisha maua hunyauka kahawia na kazi ya kutunga punje huanza. Hakuna chama cha ushirika kilichowahi kuweka siku hizo kwenye mizani. Mkulima hapunguziwi chochote na harufu ile wala haongezewi. Hata hivyo, ukiondoa kipindi hicho katika mwaka wa watu hao umewaondolea kitu, na walichoondolewa si cha wenye mibuni tu. Mjane asiye na shina hata moja, mpangaji wa chumba cha uani na mtoto anayekwenda shule wote walikuwa na fungu sawa. Hapo ndipo tunapouona mti huo huo mmoja ukiwa na mapato ya namna mbili: yanayoingia katika daftari la mwenyewe, na yanayopita juu ya uzio bila kuandikwa popote. Mti wa maua usio na tunda una mapato ya namna hiyo ya pili tu, basi.

Wanaodhani dini inaudharau mti wa namna hiyo wasome tena vitabu vyao. Katika Mwanzo 2:9 Mungu anaotesha katika bustani miti inayopendeza macho na inayofaa kwa chakula, na kupendeza kunatajwa kwanza. Katika Sura Ar-Rahman, aya ya 12, nafaka na mimea ya kunukia zinatajwa pamoja kama neema za ardhi iliyowekwa kwa ajili ya viumbe, bila kuambiwa kwamba moja ni ya lazima na nyingine ni ya ziada. Abu Huraira amepokea kwamba aliyepewa mrehani asiukatae, kwa kuwa ni mwepesi kuubeba na una harufu nzuri. Ni hadithi fupi, lakini sababu iliyotolewa inanigusa. Zawadi nyingi humlemea mpokeaji, na hii imesifiwa kwa wepesi wake. Na wale waliokula kitunguu kibichi au kitunguu saumu waliambiwa wakae mbali na msikiti, kwa kuwa kinachowaudhi watu huwaudhi malaika. Ikiwa mtu anawajibika kwa harufu mbaya anayowapelekea wenzake safuni, sioni kwa nini asihesabiwe thawabu kwa harufu njema anayowapelekea mtaani.

Lakini andiko linalopasa kukabiliwa ni lile la Yohana 12, kwa sababu ndani yake pingamizi kubwa kuliko yote limetamkwa waziwazi. Mariamu wa Bethania alimpaka Yesu miguu kwa marhamu ya nardo safi, na nyumba yote ikajaa harufu. Yuda Iskariote akauliza kwa nini marhamu hiyo haikuuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Kwa kuwa dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo unavyoonyesha, fedha hizo zilikuwa karibu mshahara wa mwaka. Mwandishi wa Injili anaharakisha kutuambia kwamba Yuda alikuwa mwizi wa mfuko, na wahubiri wengi huishia hapo wakiwa wamepumua. Mimi sidhani tuna haki ya kupumua mapema hivyo. Swali jema haliharibiki kwa kuulizwa na mwizi, na katika Mathayo na Marko wanaouliza si Yuda peke yake. Jibu la Yesu, kwamba maskini mnao siku zote, limechukuliwa kutoka Kumbukumbu la Torati 15:11, mahali ambapo sentensi inaendelea kwa amri ya kumfumbulia maskini mkono. Kwa hiyo hakusema marhamu ni bora kuliko mkate. Alikataa kwamba mkate uwe kipimo pekee cha kila tendo, huku amri ya mkate ikibaki na nguvu yake yote. Nami ninaona kitu kingine ambacho Yohana amekiandika bila kukieleza: harufu iliijaza nyumba yote. Yuda naye alikuwamo. Aliyelaumu alipata fungu sawa na aliyepakwa.

Pingamizi la Yuda lina sura ya kwetu, na takwimu zake ni za kutisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa asilimia 57 hivi ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Njombe nusu yao, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Mtu anaweza kuuliza kwa hasira ya haki: mnazungumzia gadenia katika mkoa ambao zaidi ya nusu ya watoto hawakui inavyopasa? Namheshimu anayeuliza hivyo, na namjibu kwa hesabu kwanza. Mti mdogo wa maua au mbuni mmoja unachukua kama mita nne za mraba. Mahindi yakipandwa hapo kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 yatakuwa mashina 17 au 18, na kwa mavuno mazuri ya tani tano kwa hekta, kona hiyo itatoa kilo mbili kwa msimu. Hakuna mtoto aliyedumaa kwa kukosa kilo hizo mbili. Tena Iringa ni kati ya mikoa inayolisha wengine mahindi. Udumavu umestawi katikati ya maghala kwa sababu ya mlo wa aina moja, mama aliyeelemewa na kazi za shamba akiwa na mimba, mtoto anayeachwa na uji mwepesi kutwa nzima, maji yasiyo salama. Kuung'oa mwaridi hakugusi hata sababu moja kati ya hizo. Anayetaka kuwatetea watoto wa Iringa kwa ardhi ana mahali pazuri zaidi pa kuanzia, nako ni kwenye maekari ya mipaini yaliyofika hadi nyuma ya jiko, mahali palipokuwa na mboga na maharage.

Hesabu hiyo haimalizi neno, na sitaki kujificha nyuma yake. Kuna kaya ambazo kiwanja chao chote ni upana wa chumba na ngazi ya mlango, na hapo hata mita moja ya mchicha ina maana. Kwa kaya hizo nakubali kabisa: mboga itangulie. Wajibu ninaoudai unampasa mwenye nafasi, kama zaka inavyompasa aliyefikia kiwango. Pia nakubali kwamba mdimu, mlimao au mbuni, inayonukia na kuzaa, ni chaguo la busara kwa wengi. Ninachokataa ni hatua ile ya pili ambayo watu huichukua kimya kimya, kwamba basi harufu inavumiliwa kwa sababu ndimu zinakuja nyuma yake. Kwa hoja hiyo, siku ndimu zikikosa soko mti unastahili shoka. Nyanda hizi zimeshaona matokeo ya kulipima ua kwa tumbo peke yake. Uwanda wa Kitulo, ulio mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari na unaoitwa na wenyeji Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, yakiwemo aina zaidi ya 40 za okidi. Kabla ya hapo, na kwa siri hata baadaye, okidi za Kitulo na milima ya jirani zilichimbwa viazi vyake kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako husagwa na kuchanganywa na unga wa karanga kuwa chikanda. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitaja mamilioni ya viazi kwa mwaka. Mchimbaji alikuwa maskini na mlaji alikuwa na njaa ya kweli, kwa hiyo siwahukumu. Nasema tu kwamba kipimo cha tumbo kilipoachwa peke yake hakikuwa na neno lolote la kusema mahali pa kusimama, mpaka viazi vilipoanza kukosekana.

Pingamizi la pili linatoka mbali, kwa mwanafalsafa Immanuel Kant wa Königsberg, nalo linalenga moyo wa hoja yangu. Mimi nimeisifu harufu kwa kuwa haizuiliki. Yeye aliilaumu kwa sababu hiyo hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, aliufananisha muziki unaowafikia majirani wasioutaka na mtu anayetoa mfukoni leso yenye manukato na kuwalazimisha wote walio karibu kuyavuta. Mwaka 1798 aliongeza kwamba kunusa ni kama kuonja kwa mbali, na kwamba wengine wanalazimishwa kushiriki watake wasitake, hivyo harufu ni adui wa uhuru. Macho unaweza kuyafumba, lakini pumzi huwezi kuiacha. Hili si neno dogo. Linanilazimisha kukiri kwamba zawadi isiyoweza kukataliwa ina upande wa ubabe ndani yake, na kwamba neno langu la awali juu ya mtoaji asiyechagua mpokeaji lina nusu nyingine: mpokeaji naye hakuulizwa.

Hata hivyo Kant anazungumza kana kwamba hewa ya mtaani ilikuwa tupu mpaka leso ilipotolewa. Hewa ya Mwanjelwa kule Mbeya si tupu. Ina dizeli ya malori ya barabara ya Zambia, ina moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya vibanda, ina kuni mbichi, na majira fulani ina tanuri za tofali. Vyote hivyo vimevuka uzio bila kumwomba mtu ruhusa, na anayevipeleka haitwi adui wa uhuru. Huitwa mtu anayetafuta riziki. Tukikubali kwamba kuishi pamoja ni kuvuta pumzi za wenzetu, hatuwezi tena kuuliza kama tupeleke kitu kwa jirani. Tunapeleka tayari, na lililobaki ni kuchagua tupeleke nini. Miti nayo huvuka mipaka kwa njia nyingine ambazo tumezizoea mno hata hatuzioni. Milingoti iliyopandwa bondeni hunywa maji ya watu wa chini, na kivuli chake hufifisha mahindi ya shamba la pili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilibidi ikataze shughuli za binadamu ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji, kwa kuwa ujirani peke yake haukutosha kuvilinda. Kati ya mti unaovuka uzio kwenda kuchukua na mti unaovuka kwenda kutoa, ajabu ni kwamba wa kwanza huitwa maendeleo na wa pili huitwa anasa.

Nusu ya hoja ya Kant inayobaki naipokea kama adabu ya upandaji. Maua ya tarumbeta, yale marefu yanayoning'inia na kunukia sana jioni, yamependwa katika bustani nyingi za nyanda za juu, na mmea wake wote una sumu kali, tangu jani hadi mbegu. Asiye na watoto hawezi kuupanda pale ambapo tawi lake litawaangukia watoto wa mwenzake, kisha ajitetee kwa uzuri wa harufu. Na harufu nzito ya usiku chini ya dirisha la mtu mwenye pumu si zawadi. Mpandaji amwulize jirani kabla ya kuchimba shimo, kama anavyopaswa kumwuliza kabla ya kujenga choo mpakani. Jirani akikataa, miti ipo mingi. Na afikirie mahali alipo: langilangi la Unguja na Pemba halitastahimili Juni na Julai ya Mbeya, na anayelilazimisha atakuwa na kijiti kisichonukia. Gadenia ya porini, inayoota yenyewe katika miombo ya Iringa na kuchanua maua meupe yanayogeuka manjano, imezoea ukame na udongo wa changarawe bila kubembelezwa.

Hiyo gadenia inawajibu pia wale wanaosema mazoea haya ni ya kuja, kwamba ni mambo ya wanawake wa pwani na vikuba vyao vya asumini na kilua, au ya wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 na kuzungushia nyumba zao maua. Ni kweli kwamba miti mingi ya bustani zetu ina asili ya mbali. Lakini mahindi nayo yalitoka bara la Amerika, parachichi pia, na sijasikia mtu akiyakataa kwa sababu hiyo. Tena Wanyakyusa walikuwa na miti waliyoipanda kwa ibada wakati watawala wapya walipotolewa mbele ya watu. Miti hiyo ilikua ikawa vichaka vitakatifu visivyokatwa, na thamani yake haikutokana na mbao. Watu wa nyanda hizi hawakufundishwa na mgeni kwamba mti unaweza kuwa na maana isiyokatwa kwa msumeno. Kilichokuja kutoka nje ni hesabu ya nguzo na magome.

Linabaki pingamizi la mwanatheolojia, ambalo napenda kuliko yote kwa sababu ni la dhati. Sadaka, atasema, inataka nia. Mti haunuii, na mpandaji hamjui atakayepita njiani miaka kumi ijayo, basi tendo lake litaandikwa wapi? Isitoshe, mti hautoi harufu kwa ajili yetu. Unawaita nyuki mchana na nondo usiku ili uzae, na sisi tunadokoa mazungumzo yasiyotuhusu. Nakubali sehemu hii ya mwisho bila kusita, na sioni inavyoniumiza. Ikiwa harufu ilikuwako kabla ya pua ya binadamu, basi mpandaji hana hata kiburi cha kusema ameitengeneza, na anachokifanya ni kukipa nafasi kitu ambacho hakikuwa chake tangu mwanzo. Kuhusu nia, hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inasema Muislamu akipanda mti, akila humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake, na katika mapokezi ya Muslim kutoka kwa Jabiri hata kilichoibwa kimehesabiwa. Mwizi hakukusudiwa. Ndege hakualikwa. Nia inayodaiwa ni ile ya siku ya kupanda, kwamba uko radhi kiende kitakakokwenda, na hakuna mti unaomlazimisha mtu kuwa na nia hiyo kwa ukamilifu kama mti wa harufu, kwa kuwa mwenye mchungwa bado anaweza kubadili moyo na kuweka mbwa chini yake.

Kwa msingi huo hata mpangaji hayuko nje ya wajibu huu, ingawa wengi Iringa mjini na Mbeya mjini wanaishi katika nyumba za watu na hujiambia kwamba miti ni kazi ya mwenye nyumba. Anayehama baada ya mwaka mmoja atauacha mti kwa asiyemfahamu. Lakini hiyo ndiyo hali ya mti wa harufu tangu siku ya kwanza, hata kwa mwenye hati ya kiwanja: nusu ya wanaoufaidi hawamjui. Kipando cha asumini kinapatikana bure kwa kukata tawi la jirani mwanzo wa mvua, na kitaota kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Mwenye nyumba akikataza kuchimba, ndoo haichimbi. Na mpangaji akihama anaweza kwenda nayo au kuiacha mlangoni. Akiuliza ni lipi bora, namshauri aiache, achukue tawi.